Longyearbyen, Kangerlussuaq au Resolute: Timu ya Utafiti Itue Wapi Kabla ya Kuingia Aktiki?

Mabaharia wa majahazi waliosafiri kati ya Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki hawakuhesabu safari kwa siku za kuwa baharini peke yake, kwa kuwa siku za kungoja kaskazi igeuke kuwa kusi ziliweza kuzidi siku za tanga, na kwa sababu hiyo bandari ya kungojea ilichaguliwa kwa uangalifu uleule uliotumika kuchagua chombo. Timu ya wanasayansi inayokwenda kufanya kazi za uwandani katika Aktiki imo katika hali hiyohiyo. Haifiki kwenye barafu kwa ndege moja kutoka Nairobi, Oslo au Ottawa. Hutua kwanza mahali fulani, hukusanya mizigo yake, hupata mafunzo na vibali vya mwisho, kisha hungoja ndege ndogo, meli au helikopta ambayo itaondoka hali ya hewa ikiruhusu. Mahali hapo ndipo ninapopazungumzia, nami nitapaita kituo cha njiani.

Wanaoandaa safari ya namna hii kwa mara ya kwanza huelekea kuchagua kituo kwa kutazama ramani na bei ya tiketi. Naona hilo ni kosa, na ndilo lililonisukuma kuandika. Siku njema vituo vyote hufanana, kwa kuwa watu hulala usiku mmoja na kuendelea na safari. Tofauti huonekana siku ambayo mambo yameharibika: sanduku la vipimo limebaki Ulaya, ukungu umefunga uwanja kwa siku ya nne mfululizo, mwenzenu mmoja anaumwa, au betri zimekataliwa kupakiwa. Kituo kinapaswa kupimwa kwa siku hizo.

Nimechagua vituo vitatu ambavyo vyote vimetumiwa na watafiti kwa miongo mingi: Longyearbyen katika Svalbard, Kangerlussuaq katika Greenland, na Resolute katika Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Ili ulinganisho usielee hewani, nimeifikiria timu moja ya mfano yenye watu sita, baadhi yao wakitoka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki na wengine wakiwa washirika wao wa Ulaya au Amerika Kaskazini, wenye wiki nne za kiangazi, mizigo ya kilo 400 hivi, na bajeti isiyoweza kukodi ndege mara mbili kwa sababu ya kosa moja.

Mahali penyewe

Longyearbyen ni mji wa wakazi wapatao 2,500 kwenye kisiwa cha Spitsbergen, katika nyuzi 78 za latitudo ya kaskazini. Ulianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya makaa ya mawe, lakini mgodi wa mwisho wa Norwei visiwani humo ulifungwa mwaka 2025, na leo mji unaishi kwa utafiti, elimu na utalii. Una uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1975, hoteli na nyumba za wageni, maduka ya chakula na ya vifaa vya baridi, hospitali ndogo, na Kituo cha Chuo Kikuu cha Svalbard, UNIS, kilichoanza mwaka 1993.

Kangerlussuaq ni kijiji cha watu kama 500, katika nyuzi 67, takriban kilomita 50 kaskazini mwa Mzingo wa Aktiki. Kipo mwisho wa mkono wa bahari wenye urefu wa kilomita 190 unaoingia bara kati ya milima. Wanajeshi wa Marekani ndio waliojenga uwanja wa ndege hapo mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kambi yao ilifungwa mwaka 1992. Kilichobaki ni njia ya kurukia ndege yenye urefu wa mita 2,810, majengo ya kambi yaliyogeuzwa kuwa malazi, na kituo cha kuhudumia watafiti kiitwacho KISS chenye vyumba, maabara na ghala.

Resolute ni mdogo kuliko vyote. Una watu wasiozidi mia mbili, kwenye kisiwa cha Cornwallis, katika nyuzi 74. Wainuiti huuita Qausuittuq, yaani mahali pasipopambazuka. Hapo ndipo ulipo mpango wa serikali ya Kanada uitwao Polar Continental Shelf Program, ulioanzishwa mwaka 1958 na unaopanga ndege, malazi, redio na vifaa vya uwandani kwa ajili ya watafiti.

Msomaji anaweza kudhani kwamba kadiri mahali palivyo karibu na Ncha ndivyo baridi inavyozidi. Sivyo. Kangerlussuaq, iliyo nyuzi 11 kusini zaidi, ina majira ya baridi makali kuliko Longyearbyen, kwa sababu Spitsbergen hupashwa joto na mkondo wa bahari unaopanda kutoka Atlantiki, ilhali Kangerlussuaq imezama ndani ya nchi kavu, jirani na ngao kubwa ya barafu, yaani tandiko nene la barafu linalofunika sehemu kubwa ya Greenland. Resolute, ambao hauna mkondo wowote wa kuuhurumia, una wastani wa mwaka mzima wa nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo latitudo peke yake isitumiwe kuamua uzito wa nguo wala aina ya hema.

Visa hutangulia tiketi

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, hapa ndipo safari huanzia au hufia. Svalbard inatawaliwa na Norwei kwa mujibu wa mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920, na Norwei haimlazimishi mtu yeyote kuwa na visa ya kuingia visiwani humo. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ikisomwa nusu inapotosha. Ndege za abiria za kwenda Longyearbyen huondoka Oslo na Tromsø, na Norwei bara imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ilhali Svalbard haimo. Maana yake ni kwamba msafiri huingia Schengen akiwa njiani, hutoka Schengen anapopanda ndege ya Longyearbyen, kisha huhitaji kuingia tena Schengen ili arudi nyumbani. Mwenye visa ya kuingia mara moja ataikuta njia yake ya kurudi imefungwa. Kwa hiyo maombi ya visa yaseme waziwazi kwamba inatakiwa ya kuingia mara mbili au zaidi, na barua ya mwaliko iandike jina la Svalbard na tarehe za kwenda na kurudi. Pia Gavana wa Svalbard anayo mamlaka ya kumrudisha mtu asiye na uwezo wa kujikimu, kwa hiyo ushahidi wa fedha na malazi usiachwe nyumbani.

Greenland ina mtego wake. Ni sehemu ya Ufalme wa Denmark, lakini haimo katika Schengen, na visa ya kawaida ya Schengen iliyotolewa na Denmark haimruhusu mtu kuingia huko isipokuwa imeandikwa kwamba inafaa kwa Greenland. Anayepitia Copenhagen au Iceland atahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Kuna jambo jingine ambalo maandiko mengi ya mwongozo bado hayajalisahihisha: tarehe 28 Novemba 2024 uwanja mpya wa Nuuk ulifunguliwa, na safari za kutoka Copenhagen zilizokuwa zikitua Kangerlussuaq zikahamia huko. Kwa timu isiyosafiri na ndege za kijeshi za Marekani, Kangerlussuaq sasa hufikiwa kwa kubadilisha ndege Nuuk, na kila mbadilisho wa ndege ni nafasi nyingine ya sanduku kupotea.

Kanada ndiyo iliyo nyoofu zaidi katika suala hili, kwa kuwa visa moja humfikisha mtu mpaka Resolute bila mpaka mwingine katikati. Shida ya Kanada haiko mpakani. Iko ndani ya nchi, kwenye urefu wa njia na uchache wa ndege, maana mtu husafiri kutoka Ottawa hadi Iqaluit, kisha huendelea na ndege ambazo haziji kila siku.

Siku za kukwama

Tuseme sasa kwamba timu yetu imefika, na ndege ya kuendelea imeahirishwa.

Longyearbyen ni mahali ambapo kungoja hakupotezi kazi. Tangu mwaka 2004 Svalbard imeunganishwa na Norwei bara kwa nyaya za nuru zilizolazwa chini ya bahari, kwa hiyo intaneti yake ni ya kasi kuliko ya miji mingi ya kusini, na mtafiti anaweza kupakua programu iliyokosekana, kuzungumza na mtengenezaji wa kifaa, au kutuma takwimu za awali chuoni. Ufunguo wa spana uliosahaulika unaweza kununuliwa, na mwenye buti zisizofaa atapata nyingine, ingawa kwa bei itakayomuuma. Mafunzo ya usalama, yaani kutumia bunduki, kumwokoa mtu aliyetumbukia kwenye ufa wa barafu na kutambua mteremko wenye hatari ya maporomoko ya theluji, hupatikana papo hapo. Mafunzo hayo si ya kupita tu: tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliporomoka kutoka mlima ulio juu ya mji, ikabomoa nyumba na kuua watu wawili waliokuwa majumbani mwao. Mji ambao msiba uliufikia mpaka mlangoni hufundisha jambo hilo kwa uzito unaostahili.

Nitasimama kidogo kwenye jambo lisilohusu ratiba. Mlimani, karibu na uwanja wa ndege wa Longyearbyen, ipo hazina ya dunia ya mbegu iliyochimbwa ndani ya mwamba na udongo ulioganda daima. Ilipofunguliwa tarehe 26 Februari 2008, Wangari Maathai alikuwa pale pamoja na waziri mkuu wa Norwei, Jens Stoltenberg, wakiweka sanduku la kwanza. Ndani yake mna mbegu zilizopelekwa kutoka nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Hazina hiyo haifunguliwi kwa wageni, lakini mlango wake unaonekana, na kwa mtafiti kijana anayetoka Nyeri au Morogoro na anayejiuliza kama ana haki ya kuwa kaskazini kiasi hicho, dakika kumi za kusimama mbele ya mlango ule si dakika za kupoteza.

Udhaifu wa Longyearbyen ni gharama na msongamano. Julai na Agosti meli za watalii huleta watu wengi, vyumba hujaa, na timu iliyopanga usiku mmoja tu inaweza kukosa mahali pa kulala usiku wa pili. Vilevile jua halizami tangu karibu tarehe 20 Aprili hadi 23 Agosti, na wageni wengi hupoteza usingizi siku za mwanzo. Kitambaa cha kufunika macho ni kifaa cha kazi huko, sawa na glavu.

Kangerlussuaq ina sifa ambayo kituo kingine chochote katika hivi vitatu hakinayo: barafu yenyewe hufikiwa kwa gari. Barabara ya vumbi hutoka kijijini na kufuata bonde hadi ukingo wa barafuto (mto wa barafu) ya Russell, kilomita 25 hivi, kisha huendelea mpaka mahali paitwapo Point 660, ambapo mtu hushuka garini na kukanyaga ngao ya barafu ya Greenland. Timu iliyokwama inaweza kusimika vipimo vyake pale, kuvilaza usiku mmoja kwenye baridi, na kugundua kasoro ambayo ingegharimu msimu mzima kama ingegunduliwa juu, kilomita mamia kutoka kwa fundi. Chuo Kikuu cha Utrecht kimekuwa kikipima barafu kwenye mstari unaoanzia eneo hilo tangu mwaka 1990, na hiyo humpa mgeni takwimu za kulinganisha na zake. Kwa mtu wa barafu, naona siku mbili za kukwama Kangerlussuaq zina thamani kuliko wiki moja ya mafunzo ya darasani.

Hali ya hewa pia huusaidia uwanja huo, kwa sababu milima huuzuia ukungu na mawingu ya pwani, na anga huwa wazi siku nyingi za mwaka. Linaloahirisha ndege mara nyingi ni dhoruba kule zinakokwenda, juu ya barafu. Kuna kero mbili za kiangazi ambazo mgeni hazitarajii. Ya kwanza ni mbu, ambao mwishoni mwa Juni na Julai hujaa kiasi kwamba watu huvaa neti usoni. Hawabebi malaria, lakini atakayeacha neti nyumbani kwa kudhani Aktiki haina mbu atajuta. Ya pili ni mbweha wa kaskazini, ambao hubeba kichaa cha mbwa na wakati mwingine hawamwogopi binadamu. Wasilishwe wala wasikaribiwe. Nyuma ya kijiji huonekana pia umimmak, wanyama wakubwa wenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Wote wametokana na wanyama 27 walioletwa kutoka kaskazini-mashariki ya Greenland kati ya mwaka 1962 na 1965, na sasa ni maelfu.

Resolute ndio mgumu zaidi kwa anayengoja. Kiangazi, bahari inapofunguka, ukungu hupanda juu ya kisiwa na unaweza kukaa siku nyingi. Tarehe 20 Agosti 2011 ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua katika mawingu mazito ilianguka kilimani karibu na uwanja, na watu 12 kati ya 15 waliokuwamo walikufa. Hakuna mkuu wa timu anayepaswa kumshinikiza rubani mahali kama hapo. Vyumba ni vichache, duka la ushirika ni moja, na bei zake hubeba gharama ya ndege. Timu zote zilizokwama husubiri ndege ndogo zilezile za Twin Otter na helikopta zilezile, kwa hiyo foleni ikishakuwa ndefu hufumuka polepole.

Hata hivyo kuna kitu Resolute hukitoa kwa ubora usiopatikana kwingine, nacho ni uangalizi. Timu iliyokubaliwa na mpango wa serikali huweza kuazima mahema, majiko, redio na hata pikipiki za theluji, na ikishakuwa kambini huitwa kwa redio asubuhi na jioni kila siku kwa saa maalumu. Asiyeitika hutafutwa. Kwa kambi ya watu sita kwenye kisiwa kisicho na mtu mwingine, sauti hiyo ya asubuhi na jioni ni ulinzi mkubwa kuliko kifaa chochote watakachokuja nacho.

Vibali na watu wa mahali

Katika Svalbard, kila mradi huandikishwa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Research in Svalbard, na kazi zinazogusa wanyama, mimea, ardhi au maeneo yaliyohifadhiwa huhitaji ruhusa ya Gavana chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2001. Anayetoka nje ya makazi lazima awe na njia ya kuwafukuza dubu weupe na kujikinga nao. Dubu hao wanalindwa na sheria tangu mwaka 1973, na kuanzia Januari 2025 umbali wa kukaa nao ni mita 300, na mita 500 kati ya Machi na Juni. Wageni huomba kwa Gavana kibali cha kukodi bunduki, na hutakiwa kuonyesha cheti cha polisi cha mwenendo mwema, ambacho katika nchi zetu huchukua muda kupatikana. Kianze kuombwa mapema, pamoja na visa.

Wanaoendelea kwenda Ny-Ålesund, kilomita kama 110 kutoka Longyearbyen kwa ndege ndogo, wana sharti moja zaidi ambalo limeshaharibu mipango ya wengi. Kijiji hicho cha utafiti, ambamo Ujerumani na Ufaransa, China, India, Korea Kusini na wengineo wana vituo vyao, ni eneo la ukimya wa redio. Kwa sababu ya darubini za redio za mamlaka ya ramani ya Norwei, vifaa vinavyotangaza mawimbi kati ya gigahezi 2 na 32 hupigwa marufuku ndani ya kilomita 20, isipokuwa vyenye ruhusa maalumu. Wi-Fi na Bluetooth vimo ndani ya marufuku hiyo. Kipimo kipya kinachotuma takwimu zake kwa Bluetooth, bila waya wala kadi ya kumbukumbu, kitakuwa mzigo usio na kazi. Hilo likaguliwe Longyearbyen, kabla ya kupanda ndege ndogo, na ikiwezekana likaguliwe nyumbani.

Greenland hutaka kibali cha serikali kwa misafara ya kwenye ngao ya barafu, pamoja na bima ya utafutaji na uokoaji, na kuchukua sampuli za viumbe kuna leseni yake. Kwa timu iliyo chini ya mwavuli wa mpango mkubwa wa Marekani au Denmark, makaratasi mengi hupitia kwa mwenyeji. Kwa timu inayojitegemea, kazi hiyo ni nzito.

Nunavut ndiyo yenye utaratibu mrefu zaidi, nami nautetea. Mtafiti huomba leseni kwa Taasisi ya Utafiti ya Nunavut, huambatisha muhtasari wa lugha nyepesi uliotafsiriwa kwa Kiinuktituti, na maombi hupelekwa kwa jamii husika ili yatolewe maoni. Wapo wanaouona utaratibu huo kuwa kikwazo. Lakini mwaka 1953 na 1955 serikali ya Kanada ilizihamisha familia za Wainuiti kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, na kuzishusha Resolute na Grise Fiord, mahali penye giza na wanyama wasiowazoea, zikiwa na ahadi za kurudishwa ambazo hazikutimizwa. Serikali iliomba radhi rasmi Agosti 2010 tu. Watu ambao walisogezwa kwenye ramani bila kuulizwa wanayo haki kamili ya kuulizwa kabla mgeni hajaja kuchimba, kupima au kuhesabu kwenye ardhi yao, na timu inayofika ikiwa imeshaandikiana nao hupokelewa vizuri na hupata waongozaji wanaowajua dubu na barafu ya bahari kwa namna ambayo kozi ya siku mbili haiwezi kuifundisha.

Mizigo na afya

Kuhusu mizigo nitasema machache, kwa kuwa kanuni za ndege ni zilezile kote: betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 100 huhitaji ruhusa ya shirika, na inayozidi 160 haipandi na abiria kabisa, kwa hiyo betri kubwa za vituo vya vipimo hutumwa mapema kama shehena ya hatari au hukodiwa mahali. Longyearbyen hupata meli na ndege za mizigo kwa urahisi kuliko vituo vingine. Resolute hutegemea meli ya msimu mwishoni mwa kiangazi, na vinginevyo kila kilo huja kwa ndege. Sampuli zilizoganda zinahitaji friza ya kituoni iliyoahidiwa kwa maandishi, si kwa mdomo.

Kuhusu afya, hospitali ya Longyearbyen hutibu yaliyo mepesi na ya dharura, na mgonjwa mahututi hupelekwa kwa ndege Tromsø. Kangerlussuaq ina zahanati, na hospitali kubwa iko Nuuk. Resolute una kituo cha afya chenye wauguzi, na hospitali iko Iqaluit, zaidi ya kilomita 1,500. Katika hili Longyearbyen unashinda bila ubishi.

Kangerlussuaq huongeza hatari moja ambayo wapanda Kilimanjaro wataielewa mara moja. Kituo cha Summit, kilicho juu ya ngao ya barafu, kiko mita 3,216 kutoka usawa wa bahari, na ndege za LC-130 zenye skii za kikosi cha 109 cha New York humtoa mtu karibu na usawa wa bahari na kumfikisha huko kwa muda wa saa mbili hivi. Kwenye njia ya Marangu, anayetoka Mandara, mita 2,720, hutembea siku nzima kufika Horombo, mita 3,720, na mwili wake huzoea hatua kwa hatua. Hapa hakuna hatua. Isitoshe, karibu na Ncha kanieneo ya hewa huwa ndogo kuliko ya mwinuko uleule kwenye Ikweta, kwa hiyo kifua huhisi kama kiko juu zaidi. Anayejua kwamba huumwa kichwa milimani amwambie daktari kituoni, kabla ya kupanda ndege.

Kipi kwa nani

Swali la kisayansi ndilo linalopaswa kuongoza, na wakati mwingine halibakizi nafasi ya kuchagua. Anayetaka kuijua ngao ya barafu hana mbadala wa Kangerlussuaq. Huko ndiko walikopitia wachimbaji wa GISP2, mradi wa Marekani wa kutoboa ngao ya barafu, waliofika kina cha mita 3,053 mwaka 1993 na kutoa nguzo za barafu zenye kumbukumbu ya hewa ya zaidi ya miaka 100,000, na huko ndiko mto Watson ulikofurika Julai 2012 na kubomoa sehemu ya daraja, katika siku zilezile ambapo karibu uso wote wa barafu ya Greenland uliyeyuka. Barafu hiyo ikiisha yote, bahari itapanda kwa mita 7 hivi duniani kote, Lamu, Zanzibar na Mombasa zikiwemo, na kwa hiyo mtafiti wa pwani yetu anayeomba nafasi Kangerlussuaq hafuati jambo la kigeni.

Anayetafiti visiwa vya mbali vya Kanada, barafu ya bahari, au kreta ya Haughton katika kisiwa cha Devon, ambako tangu mwaka 1997 wataalamu wa NASA wamekuwa wakijifunza namna ya kufanya kazi kama ile ya sayari ya Mirihi, apitie Resolute, lakini asijaribu bila mshirika wa chuo cha Kanada aliyekwisha kufanya kazi huko.

Kwa timu yetu ya mfano, yenye watu sita, wengi wao wakiwa wa mara ya kwanza, na swali linaloweza kujibiwa popote penye barafuto, udongo ulioganda au hewa safi ya kaskazini, ninachagua Longyearbyen, na sababu yangu kubwa ni kwamba makosa mengi ya mara ya kwanza yanaweza kurekebishwa hapo bila kuvunja safari. Wapange usiku tatu, si mmoja. Siku ya kwanza iwe ya kulala, kuhesabu masanduku na, kama wanaendelea Ny-Ålesund, kuzima kila kinachotangaza mawimbi; ya pili iwe ya bunduki na mafunzo; ya tatu ibaki wazi kabisa, kwa ajili ya sanduku litakalochelewa.

Ningebadili uamuzi huo kwa sharti moja tu. Kama mshirika wa Denmark au Marekani ameshatoa nafasi katika ndege ya kwenda juu ya barafu, iliyothibitishwa kwa barua, basi timu iende Kangerlussuaq, iombe visa yenye maandishi ya Greenland na ya Schengen kwa pamoja, na ifike siku tatu kabla ya ndege hiyo, ili vipimo vilazwe usiku mmoja Point 660 kabla ya kupakiwa.